Kupanga Zamu za Udhibiti wa Volteji na Nguvu Riaktivu: Mwongozo kwa Mafundi na Wahandisi wa Gridi ya Kanda ya Kati

Gridi inayolisha Dodoma, Singida na wilaya zake haina uhaba wa vifaa vya kurekebisha volteji. Jenereta za Mtera zina vidhibiti vyake, laini ndefu za msongo mkubwa huwekewa riakta (za kushusha volteji), transfoma za vituo vya kupoza umeme hubadilisha zenyewe tepu (ngazi za kupandisha au kushusha volteji), na kapasita (za kuipandisha) zimefungwa vituoni, kwenye nguzo na viwandani. Tatizo ni kwamba kila kidhibiti huangalia volteji ya mahali pake tu, kikachukua hatua bila kujua kwamba jirani yake naye ameshaanza kuchukua hatua. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: tepu hupanda, kapasita huingia, volteji huzidi, tepu hushuka tena, na jioni fundi akifungua sanduku la mtambo wa tepu hukuta kihesabu kimeruka mara arobaini kwa siku moja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipa vifaa hivyo zamu, kuanzia vipimo vya awali hadi majaribio ya mwisho.

Msingi wa hesabu

Nguvu halisi ndiyo inayozungusha mashine ya kukamua alizeti. Nguvu riaktivu hujenga uga wa sumaku ndani ya mota na transfoma, nayo huenda na kurudi kati ya chanzo na mashine bila kufanya kazi yoyote ya kulipiwa, lakini hutumia nafasi ya waya, hupasha waya joto, na hushusha volteji njiani. Kwa makadirio ya kazi za kila siku, upungufu wa volteji katika laini hupatikana kwa kuzidisha ukinzani kwa nguvu halisi, kuzidisha riaktansi (kizuizi kinachotokana na uga wa sumaku wa waya) kwa nguvu riaktivu, kujumlisha majibu hayo mawili, kisha kugawanya kwa volteji.

Katika laini za kilovolti 220 na 400, riaktansi huwa kubwa mara kadhaa kuliko ukinzani, kwa hiyo volteji hufuata nguvu riaktivu karibu peke yake. Katika laini za vijijini za kilovolti 33, ukinzani na riaktansi hukaribiana, na hapo nguvu halisi nayo hushusha volteji kwa kiasi kinachoonekana. Ndiyo sababu kapasita haiwezi kuponya kila fida (laini ya kusambaza umeme kutoka kituoni) yenye volteji hafifu: zipo fida ambazo dawa yake ni waya mnene zaidi au kituo kipya karibu na wateja, na ni afadhali kulisema hilo mapema kuliko kuongeza kapasita hadi volteji ya usiku izidi.

Hatua ya kwanza: ijue laini kabla ya kumlaumu mteja

Laini ndefu ya msongo mkubwa ni kapasita kwa umbile lake, yaani huzalisha nguvu riaktivu. Laini ya kilovolti 400 huzalisha takribani MVAr (megavar, kipimo cha nguvu riaktivu) 0.5 hadi 0.7 kwa kila kilometa, na kiasi hicho hufuata mraba wa volteji. Laini kuu ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilometa 670 hivi, ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400 lakini ikaanza kutumika kwa kilovolti 220. Laini ya namna hiyo inapopandishwa kutoka 220 hadi 400, waya ni ule ule na nguzo ni zile zile, lakini nguvu riaktivu inayozalishwa huongezeka mara 3.3. Tukichukua wastani wa MVAr 0.6 kwa kilometa, tunazungumzia takribani MVAr 120 katika kilovolti 220 na takribani MVAr 400 katika kilovolti 400, kwa kila saketi.

Mchana, mzigo ukiwa mkubwa, sehemu ya nguvu hiyo humezwa na riaktansi ya laini yenyewe na nyingine huliwa na mota za wateja. Usiku wa manane hubaki bila mlaji. Mwisho wa laini usio na mzigo hupanda volteji kuliko mwanzo wake: kwa kilometa 220 ongezeko hukaribia asilimia 3, na kwa kilometa 670 zisizokatwa na kituo wala riakta lingefika takribani asilimia 30. Hesabu hiyo ya pili haitokei katika uendeshaji wa kawaida, kwa kuwa laini hukatwa na vituo vyenye transfoma, riakta na mzigo, lakini inaeleza kwa nini laini haiunganishwi kwa pupa baada ya giza kuu (gridi nzima kuzimika). Huwashwa kipande kwa kipande, riakta ikiwa ndani, na jenereta ikiwa na uwezo wa kumeza ziada.

Kwa kila laini ya eneo lako andika urefu, volteji, nguvu inayozalisha, na riakta zilizopo pamoja na hali yake: ni za kudumu au zina breka (swichi) ya kuziingiza na kuzitoa? Riakta ya kudumu ni rafiki usiku, lakini ni kikwazo mchana.

Hatua ya pili: pima juma zima, usiku na Jumapili vikiwemo

Kipimo cha saa ya kilele hakitoshi. Chukua kumbukumbu za nguvu halisi, nguvu riaktivu na volteji kwa kila dakika kumi na tano, kwa juma zima, na kwa kila fazi. Katika kanda hii mzigo una tabia zake. Ofisi za Mtumba na za mjini huwasha viyoyozi na kompyuta asubuhi kisha huzima jioni, na Jumapili fida zake huwa nyepesi kupita kiasi. Pampu za visima vya Mzakwe ni mota kubwa zinazohitaji nguvu riaktivu saa nyingi za siku. Mashine za alizeti za Singida hupamba moto baada ya mavuno, kisha nyingine hukaa kimya miezi mingi. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hutumia kilovolti 25 za fazi moja, na mzigo wake huja na kuondoka ndani ya dakika chache. Kidhibiti chochote kilicho karibu na kituo kinacholisha reli kisome fazi zote tatu, na kiwe na ucheleweshaji wa kutosha ili kisimfukuze kila kichwa cha treni kinachopita.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya fida, mchana na usiku

Tuchukue fida ya mfano ya kilovolti 33 yenye urefu wa kilometa 60, ukinzani wa omu 0.3 na riaktansi ya omu 0.36 kwa kilometa. Jumla ni omu 18 na omu 21.6. Mzigo wa mchana uko mwishoni: megawati 3 kwa pawafakta (uwiano wa nguvu halisi na nguvu yote inayochukuliwa) ya 0.85, yaani MVAr 1.86.

Upungufu wa mchana ni 18 mara 3, kuongeza 21.6 mara 1.86, kisha kugawanya kwa 33. Jibu ni kilovolti 2.85, sawa na asilimia 8.6. Tukifunga kapasita ya MVAr 1.2 karibu na mzigo, nguvu riaktivu inayosafiri hubaki MVAr 0.66 na upungufu hushuka hadi kilovolti 2.07, yaani asilimia 6.3. Upotevu wa umeme katika waya hupungua kutoka kilowati 206 hadi takribani kilowati 156. Kilowati hamsini kwa kila saa ya mzigo mkubwa si jambo dogo kwa kifaa kisicho na sehemu inayozunguka.

Angalia kilichobaki: katika ile asilimia 6.3, asilimia 5 inatokana na nguvu halisi peke yake. Kapasita haiigusi. Sehemu hiyo ndiyo kazi halali ya tepu za transfoma ya kituo.

Sasa usiku. Mzigo umeshuka hadi megawati 0.8 na MVAr 0.26. Kapasita ikiachwa ndani, fida inarudisha MVAr 0.94 kituoni, na mwisho wa fida unakuwa juu kwa asilimia 0.5 kuliko mwanzo. Peke yake si hatari. Lakini kama tepu ilibaki pale ilipopandishwa mchana, na fida tano za jirani zina kapasita za namna hiyo hiyo, zote zinarudisha nguvu riaktivu katika basibaa (nondo kuu zinazounganisha fida) ya kituo, na kutoka hapo kwenda kwenye laini kubwa ambayo nayo usiku huo imejaa. Kosa la kanda yenye laini ndefu na mzigo mwepesi huwa hapo, katika kapasita zilizosahauliwa ndani.

Hatua ya nne: rekebisha nguvu riaktivu mahali inapotumika

Nguvu riaktivu haisafiri mbali bila gharama, kwa hiyo utaratibu huanzia kwa mteja na kupanda juu. Wateja wakubwa hulipia pia kilovolti-ampea za kilele cha mwezi, hivyo kurekebisha pawafakta kunapunguza ankara yao moja kwa moja, na mazungumzo nao huwa mepesi hesabu hiyo ikiwekwa mezani. Waelekezwe kufunga paneli ya kapasita inayojiwasha na kujizima kwa hatua. Kiwanda chenye kapasita za kudumu hufunga milango msimu ukiisha, mota zote zikazimwa, lakini kapasita hubaki zikisukuma volteji ya majirani juu. Kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota isizidi asilimia 90 ya nguvu riaktivu ambayo mota hiyo huchukua ikizunguka bila mzigo, vinginevyo mota inaweza kujizalishia volteji ya hatari baada ya umeme kukatwa.

Baada ya wateja, weka kapasita za nguzoni kwenye fida ndefu, kisha za kituoni. Kiasi cha kudumu kisizidi mahitaji madogo kabisa ya usiku ambayo kipimo cha juma zima kimeonyesha; kinachozidi hapo kiwe cha kuingia na kutoka.

Kumbuka pia kwamba kapasita hutoa nguvu kwa mraba wa volteji. Volteji ikishuka hadi asilimia 90, kapasita hutoa asilimia 81 tu ya kiwango chake, yaani hulegea wakati ule ule inapohitajika zaidi. Kwa hiyo kapasita zitumike kubeba mahitaji ya kila siku, na uwezo wa jenereta utunzwe kwa ajili ya dharura.

Hatua ya tano: gawa zamu

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kidhibiti cha jenereta hujibu ndani ya sekunde moja au mbili, na hakuna haja ya kukichelewesha. Vidhibiti vingine vyote vipangwe nyuma yake.

Katika kituo chenye tepu na kapasita, usiruhusu viwili hivyo viangalie kitu kimoja. Kidhibiti kimoja kisome volteji na nguvu riaktivu kwa pamoja, kisha kiamue kwa kuchanganya hali tatu za volteji na hali tatu za nguvu riaktivu, jumla maeneo tisa. Volteji ikiwa chini na transfoma inavuta nguvu riaktivu nyingi, kapasita iingie kwanza, na tepu ipande tu kama volteji bado haijatosha. Volteji ikiwa chini lakini nguvu riaktivu iko sawa, tepu ipande, kapasita isiguswe. Volteji ikiwa juu na nguvu riaktivu inarudi kwenye gridi, kapasita itoke kwanza. Volteji ikiwa juu huku transfoma ikivuta nguvu riaktivu nyingi, tepu ishuke kwanza, ndipo kapasita iingie. Ukigeuza mpangilio huo, utampandishia mteja volteji ambayo tayari imezidi. Pale ambapo volteji iko sawa, kapasita hufuata nguvu riaktivu peke yake, na eneo la katikati halidai chochote.

Kati ya vituo, zamu hutolewa kwa muda. Transfoma iliyo karibu na chanzo itangulie: kama ya 220/33 imewekewa sekunde 30, ya 33/11 iliyo chini yake iwekewe sekunde 60 au zaidi. Vya chini vikitangulia, vitapanda kufidia upungufu ambao wa juu alikuwa njiani kuurekebisha, kisha vyote vitalazimika kushuka.

Kapasita za nguzoni zenye kidhibiti cha volteji ndizo huleta ugomvi mwingi, kwa sababu huamka dakika kadhaa baada ya tepu kumaliza kazi. Ningependelea zifuate saa ya siku au nguvu riaktivu ya fida, na volteji itumike tu kama mpaka wa usalama wa kuitoa kapasita ikizidi. Baada ya kutolewa isirudishwe hadi chaji yake iishe, kwa kawaida dakika tano hadi kumi kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Na kwa fundi anayepanda nguzo: kusubiri hakutoshi, pima, unganisha ardhi, ndipo uguse.

Hatua ya sita: mipangilio yenyewe

Ukanda wa uvumilivu wa tepu uwe mpana kuliko hatua moja ya tepu, la sivyo kidhibiti hakitatulia kamwe. Kwa tepu ya asilimia 1.25, ukanda wa asilimia 1.5 juu na 1.5 chini ya shabaha hufaa.

Kisha linganisha na kapasita. Mrusho wa volteji unaoletwa na kapasita ni uwiano wa ukubwa wake na nguvu ya shoti ya mahali hapo (nguvu ambayo gridi ingemimina hapo shoti ikitokea, kipimo cha uimara wake). Kapasita ya MVAr 6 katika basibaa yenye nguvu ya shoti ya MVA 300 hurusha volteji kwa asilimia 2. Ukanda wetu wa jumla ni asilimia 3, kwa hiyo kapasita haiwezi kuivusha volteji kutoka upande mmoja wa ukanda hadi upande wa pili. Kapasita ya MVAr 12 mahali hapo ingerusha asilimia 4, na hiyo inapaswa kugawanywa mara mbili.

Dirisha la nguvu riaktivu nalo lizidi ukubwa wa kapasita. Kwa kapasita ya MVAr 6, iingie mahitaji yakifika MVAr 4, ikabaki ziada ya 2; itoke ziada ikifika 4, yakabaki mahitaji ya 2. Hivyo haitaingia na kutoka kwa sababu ya kitendo chake yenyewe.

Kama kidhibiti cha tepu kinatumia mkondo wa fida kukadiria volteji ya mbali, kila kapasita mpya inayofungwa nguzoni inabadilisha mkondo huo. Pigia hesabu upya. Transfoma mbili zinazofanya kazi sambamba ziwe na kiongozi na mfuasi, au kinga ya mkondo wa mzunguko, kwa kuwa zikitofautiana tepu mbili tatu zitalishana mkondo usiomfikia mteja yeyote.

Hatua ya saba: jenereta na akiba

Mtera, yenye megawati 80, iko karibu na Dodoma kuliko mitambo mingine mikubwa ya maji, na kwa volteji ukaribu huo una thamani kuliko megawati zenyewe. Mtambo wa megawati 40 wenye pawafakta ya 0.85 kwenye kibao chake unaweza kutoa takribani MVAr 25 ukiwa na mzigo kamili. Kina cha bwawa kikishuka na mitambo ikasimama, kama ukame wa mwaka 2015 ulivyolazimisha katika mabwawa ya nchi, gridi hupoteza umeme na tegemeo la volteji kwa pamoja. Umeme unaweza kuletwa kutoka bwawa la Julius Nyerere au mitambo ya gesi. Tegemeo la volteji halisafiri umbali huo. Mpango wa msimu wa kiangazi ueleze nani atashika nafasi hiyo, iwe ni kapasita za kituoni, inveta za umeme wa jua zilizoruhusiwa kutoa nguvu riaktivu, au jenereta inayoweza kuzunguka bila maji.

Shabaha ya volteji ya jenereta hutolewa na kituo cha udhibiti wa gridi, na hubadilishwa kwa dakika au saa, haichezewi na opereta wa zamu. Mchana, kapasita ziwe ndani ili jenereta ibaki na akiba ya kutoa. Usiku, kapasita ziwe nje na riakta ndani ili ibaki na akiba ya kumeza, maana kumeza kupita kiasi hudhoofisha uga wa rota na kinga itaingilia.

Hatua ya nane: wakati wa dharura, tepu zisimame

Tokyo, tarehe 23 Julai 1987, mzigo wa viyoyozi ulipanda kwa kasi baada ya mapumziko ya mchana, volteji ikazama, na takribani megawati 8,000 zikakatika. Hispania na Ureno, tarehe 28 Aprili 2025, zilizima kwa sababu ya volteji kupanda mfululizo huku mitambo ikijitoa mmoja baada ya mwingine. Pande zote mbili za mzani zinaua.

Volteji ya upande wa juu ikianguka chini ya kiwango kilichowekwa, mara nyingi kati ya asilimia 85 na 90, zuia tepu zisipande. Tepu inayopanda wakati huo inamrudishia mteja volteji yake, mteja anarudisha mzigo wake wote, na laini kubwa inazidi kuzama. Ingiza kapasita zote, toa riakta, na kama haitoshi punguza mzigo kwa fida zilizopangwa. Upande wa pili, volteji ikipanda ghafla baada ya mzigo mkubwa kukatika, kapasita zitoke zenyewe bila kusubiri amri.

Hatua ya tisa: jaribu, kisha fuatilia kihesabu

Jaribu kifaa kimoja baada ya kingine, saa ya mzigo mwepesi, kwa kibali cha kituo cha udhibiti. Ingiza kapasita kwa mkono, andika mrusho wa volteji, linganisha na hesabu. Tofauti kubwa humaanisha nguvu ya shoti uliyotumia si sahihi au fuse ya fazi moja imeungua. Kisha acha vidhibiti vifanye kazi vyenyewe kwa siku kadhaa, na usome kihesabu cha tepu na cha breka ya kapasita siku na saa ile ile kila juma. Tepu inayozidi mizunguko ishirini kwa siku inadai uchunguzi. Breka ya kapasita inayozidi minne inadai uchunguzi wa haraka zaidi.

Mwisho, andaa mpangilio wa pili kwa ajili ya siku ambayo fida italishwa kutoka upande wa pili. Laini ya kawaida ikiwa kwenye matengenezo, mtiririko hugeuka, nguvu ya shoti hupungua, na mipangilio iliyofaa jana huanza kuvurugana. Andika vipimo vya hali hiyo kwenye karatasi moja, ukionyesha ni kapasita zipi zitolewe na tepu ipi ifungwe, uibandike ndani ya mlango wa paneli ya udhibiti, na uitaje katika kibali cha kazi kabla breka ya kwanza haijafunguliwa.